Mpishi Asiyepikiwa

Hamtaamini nilichosikia kwenye basi. Mbele yangu, mama mmoja mpishi wa harusi alikuwa akimlalamikia fundi cherehani aliyeketi naye. "Nimezunguka kwa marafiki watatu, wote wamenipeleka hotelini. Hakuna aliyenipikia kwake."

"Si umekula vizuri?"

"Nimeshiba, kaka, lakini nimejiona mgeni."

"Wanakuogopa, dada. Mimi tangu nianze kushona, hakuna aliyenizawadia hata shati. Huyu rafiki wa nne unayemwendea sasa, mdanganye tumbo limechafuka, unataka uji wa nyumbani tu."

"Nimdanganye rafiki yangu wa tangu utotoni?"

Hapo nikazima kabisa muziki niliokuwa nikisikiliza. Basi likasimama, simu ya mama ikaita, na sauti ikanifikia mpaka mimi: "Nipo stendi, mwenzangu. Leo twende hoteli gani?"

Mama akamtazama fundi. Wewe ungejibuje?