Rivo na Mtihani wa Kigiriki

Wazee wa kanisa, ndugu na majirani wa Langowan, mimi ni Berty Kawengian, mjomba wa marehemu, na familia imenipa kazi hii ambayo sikuitaka, kwa sababu baba yake ameshindwa kusimama.

Rivo Tumilaar alizaliwa hapa Langowan tarehe 3 Machi 1996, mtoto pekee wa Mchungaji Jantje Tumilaar na dada yangu Deetje, akabatizwa na babu yake, naye mchungaji, akasoma shule ya msingi hapahapa na sekondari Tondano, ambako alipenda injini za pikipiki kuliko kitabu chochote, lakini mwaka 2014 akapelekwa chuo cha theolojia, kwa kuwa katika nyumba ile jambo hilo halikuwa na mjadala.

Alikuwa mtu wa sala, hilo hakuna anayebisha, na hata asubuhi ya tarehe 12 Desemba 2016 ndiye aliyewaongoza wenzake kusali kabla ya mtihani wa Kigiriki, kisha katikati ya mtihani msimamizi akamkuta ameandika vitenzi kiganjani. Wenzake watatu walikutwa vilevile, wakapewa onyo, lakini baba yake alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa chuo, akasema, "Wangu mfukuze. Mtoto wa mchungaji akiibia mtihani, mimi nitahubiri nini?"

Februari 2017 nilimsindikiza bandarini Bitung, akienda kisiwa cha Halmahera kutengeneza malori ya mgodini, nikamuuliza, "Sasa wewe, unasali halafu unaibia? Ulidhani Mungu haoni?" Akainamisha kichwa, akasema, "Mjomba, Mungu namwamini, hata siku ile nilimwamini. Ila Kigiriki hakikuwa changu. Baba alitaka alama, nikamtafutia alama." Wenzake wa gereji wananiambia kwamba kule alifungua upya kazi ya siku nzima kwa ajili ya boliti moja iliyolegea, bila kuambiwa na mtu.

Marehemu hakuoa, wala hakuacha mtoto. Krismasi zote mbili alizokuwa kule alimpigia baba yake simu, haikupokewa. Tarehe 5 Agosti 2019 alishikwa na malaria, ikampanda kichwani, akalazwa hospitali ya Tobelo, kulekule kisiwani, na tarehe 9 alfajiri akafariki, mama yake akiwa bado melini akimfuata.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, mafundi wenzake waliomleta hadi nyumbani, majirani mnaopika tangu juzi, na wachungaji watatu vijana mlioketi pale nyuma, mliokutwa pamoja naye siku ile ya mtihani.

Baba yake ameniomba nisome pia kwamba walipatana kabla hajafa. Shemeji, nisamehe, siwezi kulisoma hilo, hamkupatana.

Rivo, mwanetu, lala.