Namba Sifuri ya Dirishani

Ndugu waombolezaji, haya ni maisha ya baba yetu. Nimeyaandika mimi, kitinda mimba wake, na mama ameyapitia. Pale nilipotaka kuficha, mama alikataa katakata.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tatu wa fundi viatu. Akiwa na miaka sita alianguka kutoka juu ya paa, akavunjika mtulinga wa kulia, ule mfupa kati ya shingo na bega. Mfupa uliunga vibaya, ukabaki na nundu. Alimaliza shule mwaka 1967, akaingia chuo cha afya na kufuzu ufundi wa eksirei. Hesabu zilimpiga chenga, lakini mkono wake haukutetemeka.

Tarehe 3 Mei 1971 alipangiwa gari la kupima kifua kikuu. Lilizunguka viwandani, sokoni na magerezani. Watu walivua mashati, wakapanda ngazi tatu, na sauti yake ikatoka nyuma ya kizuizi: “Vuta pumzi. Zuia. Haya, pumua.” Kila asubuhi mashine ilijaribiwa kwanza, na picha ya majaribio alijipiga mwenyewe. Iliandikwa namba sifuri. Daktari alianza kusoma kutoka namba moja. Baba aliitazama sifuri kuona kama mashine imekaa sawa, basi.

Sura za watu alisahau, vifua hakusahau. Mtu alimsalimia barabarani, yeye akamtazama shati: “Wewe pafu la kushoto, juu. Dawa ulimaliza?” Mama alitamani ardhi ipasuke aingie.

Walioana tarehe 18 Agosti 1973. Mama alikuwa mpishi wa hospitali. Badala ya barua, baba alimpelekea picha ya mapafu yake, akasema hana cha kumficha. Mama anayo mpaka leo. Ni safi kabisa, ina ile nundu tu.

Tulizaliwa wanne. Mwaka 1982 kioo cha chumba chetu kilivunjika, baba akaziba dirisha kwa namba sifuri zilizokuwa zikitupwa. Jua likichomoza, mbavu zilitua ukutani, juu ya kitanda cha kaka yetu mkubwa. Kifua kimoja kilikuwa na wingu zito kuliko vingine chini ya mtulinga. Tulimwita Mgeni. Tuliamka na kusema, “Shikamoo Mgeni,” na kaka, mchokozi yule, akajibu kwa sauti nzito, “Marahaba.” Sisi chini ya shuka!

Mwaka 1986 kaka alianza kukonda. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Asubuhi moja alituambia, “Mgeni anakohoa.” Tulicheka. Kisha na sisi tukasikia. Kikohozi kilitoka upande wa pili wa ukuta, chumbani kwa baba. Kaka alichomwa sindano za nimonia, akafariki tarehe 30 Septemba. Hakuna aliyempeleka kupimwa TB. Ile ilikuwa nyumba ya mpimaji, nani angeipima? Baada ya mazishi baba aliweka kioo kipya, na picha zikaenda chini ya kitanda.

Wakati huo gari lilikuwa limeshaegeshwa, makohozi yanapimwa kwa darubini. Baba alihamia kwenye dirisha la dawa, akisimamia wagonjwa wameze vidonge mbele yake. “Fungua mdomo. Inua ulimi nione.” Alistaafu mwaka 2004.

Februari mwaka 2023 alianza kutoka jasho na kukonda. Tarehe 9 daktari aliinua picha yake kwenye mwanga. Kabla sijajizuia niliropoka, “Shikamoo Mgeni.” Wingu lilikuwa palepale, chini ya nundu, na sasa limekula nusu ya pafu. Daktari alisema TB huweza kulala miaka mingi, kisha ikaamka.

Baba akasema, “Leta zile za dirishani.” Tulizipanga kwa tarehe, na wingu likakua mbele ya macho yetu, picha kwa picha.

“Mwanangu nimemzika kwa kikohozi changu,” alisema.

“Hukujua, baba watoto,” mama akamwambia.

“Lilikuwa dirishani, mke wangu.”

Dawa alianza, lakini mwili ulikuwa umechoka. Alifariki tarehe 22 Aprili 2023, saa moja na dakika kumi asubuhi. Jua lilikuwa ukutani. Alilitazama, akasema, “Vuta pumzi. Zuia.” Mimi na mama tukazuia. Tukasubiri. Neno la tatu hakulisema.

Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba. Kaka alimtangulia, na kaburi lake ni hili la pembeni.

Aliacha agizo moja: asizikwe watu wakatawanyika bila kupimwa. Mashine ya siku hizi inaingia kwenye begi, na iko pale getini. Najua kuna walioanza kuangalia njia ya mkato. Tulieni! Mwanangu anakohoa tangu mwezi jana, nanyi mmeniambia ni vumbi. Naogopa, jamani, naogopa sana. Yeye ni namba mbili, mimi namba tatu. Namba moja ni fundi wa mashine ya leo mwenyewe, na picha yake itasomwa.

Mtaambiwa mvute pumzi, mzuie. Msitikisike mpaka mwambiwe mpumue.

Na wewe baba, pumua sasa. Pumzika kwa amani.