Fundi Springi, Mwenye Kampuni Hamsini

Huyu tunayemsindikiza leo aliitwa Fundi Springi na kila mtu, mama mkwe wake akiwemo. Alizaliwa tarehe 9 Agosti 1957, mtoto wa tatu wa mshona magunia. Mama yake alipenda kusimulia kwamba alianza kuchungulia mvungu wa viti kabla hajajua kuvikalia.

Darasa la saba alimaliza mwaka 1971. Hakuwa wa kwanza wala wa mkiani, ila madawati ya darasa lake hayakuwahi kuyumba. Mwaka uliofuata aliingia karakana ya makochi nyuma ya kituo cha treni. Alianza na ufagio, akapewa sindano, na hatimaye karakana ikawa yake.

Tarehe 5 Januari 1985 alimwoa muuguzi, mteja aliyeleta kiti kimoja tu kitengenezwe. Fundi alikaa na kiti hicho miezi mitatu ili bibie aendelee kuja kukiulizia. Wakwe walipomhoji, alijibu kwamba haraka haraka haina baraka.

Uzeeni ndipo alipoingia soko la hisa bila kutoka sebuleni. Yeye na mkewe walifungua akaunti ya pamoja kwa dalali wa mtandaoni, na Fundi akawa ananunua kila mwezi hisa moja ya mfuko wa uwekezaji uliokusanya kampuni hamsini. Tulimuuliza kwa nini asichague kampuni moja nzuri. Alisema kochi halikai kwa springi moja. Moja ikilegea, nyingine zinabeba. Mara ya kwanza alibonyeza "nunua" siku ya Jumapili, soko limefungwa, akashinda anaikodolea macho simu akiamini ameibiwa. Kesho yake soko lilipofunguliwa, hisa ikaingia. Tangu hapo akanunua Jumatatu tu, ya pili ya kila mwezi.

Basi hatukupumua tena. Akiingia benki iliyokuwa ndani ya mfuko ule, alikagua kwanza viti vya wateja. Siku moja alipiga magoti akashona kiti kilichochanika, mlinzi akamuuliza ameruhusiwa na nani.

"Na mwenye kampuni," alisema. "Ni mimi, kidogo."

Mkewe, aliyekuwa kwenye foleni, alijifanya hamjui.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua, na mikono ikatetemeka. Alitamani mkewe ajifunze kununua ili kazi yake isikome. Bibie, aliyechoma watu sindano miaka thelathini bila kupepesa, alikataa katakata. Kila akioneshwa simu, alikumbuka sufuria jikoni. Sote tulijua sababu: kujifunza kulikuwa ni kukubali kwamba mwalimu anaondoka. Jumatatu ya pili ya mwezi uliopita Fundi alimwambia, "Mama watoto, sikufundishi kuishi bila mimi. Nataka tu kitu hiki nisikipende peke yangu."

Bibie akavaa miwani, akakaa kitandani kando yake. Alichagua mfuko, akaandika moja, akatazama bei. Kisha akamrudishia simu.

"Hapo pa mwisho bonyeza wewe," alisema.

Fundi akacheka mpaka akakohoa, akabonyeza.

Alifariki Jumamosi, tarehe 8 Machi 2025, saa nne asubuhi, nyumbani, katika kiti alichokitengeneza mwenyewe, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Tumeumia, hatufichi. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na kampuni hamsini ambazo hazina habari kwamba zimefiwa.

Jana ilikuwa Jumatatu ya pili. Nyumba ikiwa imejaa waombolezaji, mjane aliomba miwani yake na simu, akakaa pembeni. Hakuhitaji msaada wa mtu. Alichagua mfuko, akaandika mbili, akabonyeza mwenyewe. Binti yake alimuuliza kwa nini mbili.

"Moja ni ya baba yenu ya mwezi huu," alisema. "Ya pili yangu. Naanza."

Lala kwa amani, Fundi wetu.