Malango Yanayotazama Ngano

Mgeni rasmi, Ndugu Meneja Msaidizi wa shamba la ngano lililo jirani yetu. Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji. Wazee wetu, shikamooni. Akina mama na vijana wote mliofika. Na ninyi watoto mliopanda juu ya ukuta wa mzee Hermani, shukeni, udongo wake haujakauka.

Sisi wanakamati wa Kamati ya Nyua na Kuta ya Kijiji cha Mawe Matatu, kata ya Gendabi, tunakusalimu kwa furaha, na tunaomba masikio yako kwa muda mfupi. Tukizidisha, utatusamehe. Tumekusubiri sana.

KARIBU

Ndugu mgeni rasmi, tangu tuhamie hapa, watu wa shamba walikuwa wakipita na magari, vioo juu kwa sababu ya vumbi. Hatuwalaumu, vumbi letu tunalijua. Wewe ndiye wa kwanza kushuka. Mwezi uliopita ulisimamisha Landrova pale kwenye kona, ukaweka mikono kiunoni, ukazitazama nyua zetu kutoka mwanzo wa safu hadi mwisho. Kisha ukamwuliza msomaji wa risala hii, aliyekuwa akipita na ndoo ya maji kichwani: "Dada, hivi kwa nini kila ua wa huku una lango linalotazama ngano? Mbona hakuna njia?"

Kabla hajatua ndoo, dereva wako akapiga honi, ukaondoka. Ndugu yetu, ulituachia kazi! Kisimani, kilabuni, kanisani, habari ilikuwa moja tu: kumbe na wao huuliza. Sisi wenyewe ni watu wa kuuliza mno, kuuliza ndiyo kazi ya kamati hii, kwa hiyo swali lako lilitufurahisha kama zawadi.

Halafu, hata hatujakaa sawa, tukatangaziwa kwenye mkutano, kwa agizo la shamba, kwamba malango yote yanayotazama shamba yazibwe kabla matrekta hayajaingia kulima. Hapo furaha ikatuishia. Tukasema, basi jibu lisichelewe. Risala hii ndiyo jibu.

TULIVYOANZA

Kijiji chetu kilizaliwa wakati wa operesheni ya vijiji. Wakulima tulishuka kutoka Mbulu, wafugaji wakasogezwa kutoka uwandani, na wenye maduka wakaja nyuma yetu, maana penye watu hapakosi mnunuzi wa chumvi. Tukapangwa safu moja, mlima juu yetu, ngano chini yetu.

Kila mtu akajenga kama alivyojenga kwao. Mkulima akapanga mawe kuzuia udongo wa mteremko usihame. Mfugaji akakata miiba, akazungusha boma. Mvua ya kwanza ilipokuja, ukuta wa huyu ukaangukia mbuzi wa yule, na boma la yule likaziba njia ya huyu ya kwenda majini. Matusi yalisikika hadi Balangdalalu. Balozi wetu wa nyumba kumi alichoka akasema, "Mimi ni balozi, si refa. Tafuteni watu wa kuzitazama hizi kuta kabla hazijajengwa." Ndipo ilipoanza kamati.

TUNAVYOKAGUA

Hapa kwetu mtu hakati mwiba wala haondoi jiwe mahali pake kabla kamati haijafika. Tukifika tunakagua kwa vitu vitatu: maji, maksai na kamba.

Maji ni ya ukuta. Tunapanda juu ya mahali ukuta utakaposimama, tunamwaga debe zima, kisha wote tunachuchumaa kutazama. Usitucheke. Maji yanachagua yenyewe pa kutokea, na hapo ndipo mwenye ukuta anaambiwa aache tundu. Ukuta usio na tundu hujaa maji mgongoni, ukavimba, ukapasuka.

Maksai ni wa njia. Mzee Bura ana maksai mwenye pembe pana kuliko wote hapa. Anapitishwa kati ya ua na ua, na pembe zikigusa upande wowote, ua unarudishwa nyuma. Jina la maksai huyo ni Meneja. Alipewa kabla hujateuliwa, tunaomba radhi.

Kamba ni ya mpaka. Jirani wa huku anashika ncha moja, jirani wa kule anashika nyingine, wanavuta, wanatazamana, kila mmoja anasema, "Hapa." Wakishasema ndipo nguzo ya kwanza inapigwa. Jirani akiwa safarini tunamngoja. Kamba iliyoshikwa na mtu mmoja haikati shauri.

MAFANIKIO

Tunajivuna kidogo, uturuhusu. Tangu tuanze kumwaga maji, hakuna ukuta uliomwangukia mtu. Udongo wa juu umebaki juu. Wafugaji wamejifunza mawe, na wakulima wamejifunza kufunga miiba isiyofunguka, ingawa Gidamis, mfugaji na mwanakamati wetu, anasema bado tunafunga kama tunafunga mzigo wa kuni.

Tulimshinda hata Ndugu Zubery, mwenye duka. Huyu alijenga ukuta wa matofali ya kuchoma, mzuri ajabu, kisha juu yake akapachika vipande vya chupa. Tulipofika akasema, "Hii ndiyo fasheni ya Arusha. Mwizi akishika, atakumbuka." Mama Benedikta, mwanakamati, akamwuliza, "Mwizi gani amewahi kukuibia hapa?" Akasema hajawahi. "Na watoto gani wanaopanda ukuta wako kila siku kuchungulia redio yako?" Zubery akatazama juu, akatazama watoto. Jioni ile alizing'oa chupa mwenyewe, na tangu siku hiyo ni mwanakamati, tena mkali kutuzidi wote.

MATATIZO

La kwanza linatuaibisha, lakini tutalisema. Njia yetu ni nyembamba mwanzoni na pana mwishoni. Jioni ng'ombe wakirudi wanasongamana kule mwanzo hadi unasikia vilio. Tulilichunguza jambo hili sana. Tulishuku nyua zinatembea. Tulishuku mtu anasogeza nguzo, tukakaribia kugombana. Kumbe kipimo chetu kilikuwa hai! Tulipoanza, Meneja alikuwa kijana, na miaka yote hii pembe zake zilikuwa zinaota. Kila ua ulipimwa kwa pembe za mwaka wake. Mzee Bura alipoambiwa alicheka hadi akakaa chini.

La pili ndilo ulilouliza, na hili halichekeshi.

Ndugu zetu wafugaji, mzee wa heshima akifariki, hujengewa kaburi linaloinuka juu, la udongo na miti, ukoo wote ukishiriki. Huliita bung'eda. Jamaa zake hulitembelea, humwekea majani mabichi na pombe ya asali, humweleza habari za nyumbani, nani amezaa, mvua ikoje. Baba yake Gidamis ana kaburi la namna hiyo. Alizikwa zamani, mahali palipokuwa malisho. Leo pako katikati ya ngano.

Siku Gidamis alipoleta ua wake tuukague, tulikuta ameacha nafasi ya lango upande wa shamba. Mzee Hermani, mwenyekiti wa kamati yetu, akauliza kama wewe ulivyouliza: "Lango hili la nini? Huku hakuna maji, hakuna jirani, hakuna njia. Ng'ombe wako wakitokea hapa, hiyo ni kesi."

Mama yake Gidamis, aliyekuwa amekaa pembeni, ndiye aliyejibu: "Ng'ombe hawatokei hapo. Ninatokea mimi. Mume wangu yuko kule." Akanyoosha mkono kuelekea ngano.

Mama Gidamis alikuwa amekwisha kujaribu kwenda mara nyingi, ngano ikishavunwa, na zaidi ya mara moja walinzi walimrudisha akiwa katikati ya shamba na kibuyu chake mkononi. Walinzi walifanya kazi waliyotumwa, hatuna ugomvi nao. Lakini tulimwona akirudi, na mioyo yetu iliuma.

Mzee Hermani si msemaji. Siku ile alisema hivi: "Lango moja litaonekana. Litaulizwa, litazibwa, na mama atakamatwa. Lakini safu nzima ikiwa na malango, nani atamjua mwenye safari? Wataona ni mtindo wa kijiji." Akaenda nyumbani, akabomoa sehemu ya ukuta wake mwenyewe, ukuta aliokuwa akitupeleka kuutazama kila mgeni akija, akaweka lango.

Na sisi tukafuata. Mama Benedikta ameweka, ingawa amelifunga kwa waya kwa sababu ya mbuzi. Zubery alilalamika: "Jamani, wazee wangu wamelala Kondoa. Kule kwenye ngano nakwenda kumtembelea nani?" Akaweka hata hivyo, akalipaka rangi ya kijani, ndilo zuri kuliko yote. Anasema akifanya jambo halifanyi nusu.

Kwa hiyo, mgeni rasmi, hilo ndilo jibu. Malango yote yale ni lango moja.

Hatukuona ni rahisi kukuambia. Tulikaa kamati kuandaa risala hii, na Zubery akashauri tuseme malango ni ya kupitisha upepo. Mzee Hermani akasema labda moshi. Mama Gidamis alikuja akasimama mlangoni akasema, "Ameuliza vizuri. Mtu akiuliza vizuri mnamdanganyaje?" Tukaona haya, tukaandika kama mlivyosikia. Na sasa tunaogopa, hilo pia tunalisema.

Liko jambo moja nasi tunalitafuta bado. Kutoka huku mteremkoni tunaliona shamba lenu lote. Kila msimu trekta likifika karibu na lile kaburi, linainua jembe, linazunguka, linaendelea. Katikati ya ngano pamebaki kipande cha nyasi, kidogo, kama mkeka. Tazama sasa, mabua yamekatwa, kinaonekana kutoka hapo ulipokaa. Tunasikia hakimo kwenye ramani ya shamba. Basi ni nani anayekata usukani? Ni dereva mmoja, au wanaambiana? Udadisi unatutafuna! Lakini tumekubaliana hatutauliza, na wewe tunakuomba, kwa heshima, hili moja usiliulize.

MAOMBI

Ndugu mgeni rasmi, hatukuombi saruji wala mabati. Tunaomba tangazo la kuziba malango litazamwe upya. Na kama ni lazima yazibwe, tutayaziba yetu wenyewe, kesho asubuhi, hata lile la kijani, Zubery amekubali kwa uchungu. Mzee Hermani amekwisha kukusanya mawe ya kuurudisha ukuta wake. Libaki moja tu, la Mama Gidamis.

Tunaomba pia njia kutoka lango hilo hadi kwenye kile kipande cha nyasi, isilimwe. Haihitaji pembe za Meneja. Mama anapita kwa miguu miwili, na umri aliofika hatapita miaka mingi. Upana wa mtu na kibuyu chake unatosha.

Ombi la mwisho ni la kamati yenyewe, na ndilo kubwa. Tumekagua mipaka ya nyumba zote hapa, isipokuwa mpaka mmoja, huu wa kijiji na shamba. Kila ua ulipopimwa upande wa chini, jirani wa upande wa kule hakuwepo. Tukangoja kama desturi yetu, hakuja. Mwishowe ncha ya kamba ya upande wa shamba tukaifunga kwenye jiwe. Jiwe halisemi "hapa". Tulijua tunavunja utaratibu wetu, na kila tulipolifunga lile fundo mzee Hermani alitikisa kichwa akasema, "Siku moja atakuja mwenye mikono."

Leo jirani amekuja. Amekaa kwenye kiti chetu, anakunywa soda yetu.

Mgeni rasmi, tunaomba ushuke nasi hadi kwenye lango la Mama Gidamis ukague kama wanakamati wanavyokagua. Ukiona hapafai, useme hapafai, nasi tutakusikiliza kama tunavyomsikiliza jirani yeyote. Ila uwe umeshika kamba.

Tunakuombea Mungu akupe afya wewe na nyumba yako. Mvua iwanyeshee ninyi na sisi kwa kipimo kimoja, ngano yenu ijae, ng'ombe wetu washibe, na udongo ukae mahali pake. Wazee waliotutangulia, waliolala makanisani, waliolala Kondoa na waliolala kule chini, wapumzike.

Tumemaliza kusoma. Mama Gidamis ndiye yule aliyesimama pale langoni. Tulimpa kiti akakataa. Ncha yake ya kamba ameishika tangu uliposhuka kwenye gari, na ncha yako, mgeni rasmi, tumeifungua kwenye jiwe.

Ni sisi majirani zako,
Kamati ya Nyua na Kuta, Kijiji cha Mawe Matatu, Gendabi.
Imesomwa na Helena Akonaay, Katibu.