Miaka Thelathini na Mmoja Mbele ya Rafu ya Bia za Nje

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, saa tisa alasiri, Bi. Noreen Halko alivua aproni yake ya kijani, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya meza ya chai, akawa amestaafu. Alikuwa ameitumikia serikali ya mkoa kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne, yote hiyo katika duka letu la serikali la vileo hapa Kettle Narrows, na karibu yote mbele ya rafu moja, ile ya bia za kutoka nje.

Meneja wetu, Colin Baptiste, ameniomba niandike wasifu huu kwa sababu mimi ndiye ninayeirithi rafu hiyo. Nimekubali, lakini wasomaji wa jarida hili mnivumilie. Nimefanya kazi bega kwa bega na Noreen miaka tisa, na kuna mambo yake ambayo hadi leo sijayaelewa, likiwemo lile lililoiokoa rafu yenyewe. Nitayaeleza kama nilivyoyaona, na mwenye akili kunizidi atayafumbua.

Noreen aliajiriwa Februari 1992 kama kibarua wa wiki sita, kushika nafasi ya mama mmoja aliyekwenda kujifungua. Mama yule hakurudi, na Noreen hakuondoka. Siku hizo bia za nje zilikuwa aina tatu tu, zimepangwa chini kabisa karibu na mlango wa stoo, zimejaa vumbi. Siku moja akaja Wendell Sauvé, mwalimu wa kemia pale sekondari, kuulizia bia inayopikwa na watawa wa Ubelgiji. Noreen alidhani anafanyiwa mzaha. Alipotoka kazini alipitia kanisani kumuuliza padri wake kama kweli kuna watawa wanaopika bia. Padri akamwambia wapo, tena wanaipika vizuri sana. Kesho yake akaagiza katoni mbili.

Hapo alijitafutia makubwa. Katoni zilipofika, Urho Mattila, fundi wa karakana ya reli, alinunua chupa moja kwa udadisi, akairudisha imebaki nusu, akilalamika kwamba ameuziwa jemu. Yeye alitaka bia ya Wacheki, nyepesi, chungu, ambayo ukiiinua glasi unaona upande wa pili. Noreen akaiagiza nayo. Tangu siku hiyo wapenzi wa bia wa mji huu wamegawanyika kambi mbili, Wendell na watu wake wanne upande huu, Urho na wake wanne upande ule. Watu kumi katika mji wa watu elfu mbili si wengi, lakini kelele yao ni ya wilaya nzima.

Siku yao ni Alhamisi, lori la mzigo linapofika saa nne asubuhi. Huwakuta wamekwisha kufika, wamesimama na toroli tupu za duka, na wateja wa mvinyo hawana pa kupita. Urho hugeuza kila chupa kusoma tarehe kitakoni. Wendell huinusa chupa iliyofungwa, jambo ambalo sijui linamsaidia nini. Halafu mjadala huanza: kwa nini mji wa jirani umeletewa ile yenye ngano na sisi hatukuletewa, nani aliyeomba hii ya moshi, na nani atakayeinywa. Ajabu ni kwamba bia wanayoiomba mwaka mzima, ikifika, hakuna anayekubali kwamba ndiye aliyeiomba. Nilipokuwa mgeni niliwahi kumuuliza Noreen tunafanyaje na watu wa namna hii. Aliniambia niwaletee viti.

Yeye mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona akinywa bia. Tumefanya sherehe za Krismasi, tumeaga mameneja wanne, na kila mara Noreen alishika kikombe chake cha chai. Hata hivyo, mteja akimwomba ushauri alitoka na chupa inayomfaa. Hakumuuliza mtu kama anapenda bia chungu au tamu. Alimuuliza atakula nini leo. Ukisema samaki wa ziwani wa kukausha kwa moshi, anakuchukulia hii. Ukisema nyama ya paa, anakuchukulia ile. Mimi nimezionja zote, nikaziandika kwenye daftari na alama zake, na mwezi uliopita nilimuuzia mama mmoja bia ya sherehe ya kumbukumbu ya ndoa, akairudisha akisema inanuka kibanda kilichoungua. Sielewi nilikosea wapi.

Sasa nije kwenye jambo la mwaka huu. Mwezi Machi ilikuja barua kutoka makao makuu. Maduka madogo yangeondolewa rafu ya bia za nje, na nafasi yake kuwekwa vinywaji vya matunda vyenye pombe, vya makopo. Duka litakalotaka kubaki na rafu lilete, kabla ya tarehe 15 Juni, orodha moja ya bia nane, iliyosainiwa na wateja wasiopungua kumi wanaozinunua mara kwa mara. Colin alipotusomea barua hiyo, Noreen aliketi. Sikuwahi kumwona ameketi saa za kazi. Alikuwa amebakiza miezi mitatu, na kitu alichokijenga kwa miaka thelathini kilikuwa kinaondoka kabla yake.

Wateja kumi tulikuwa nao, kumi kamili, wala hakuna wa akiba. Orodha moja ndiyo iliyokosekana. Walikutana mara tatu kwenye chumba chetu cha mapumziko, na mara tatu walitoka na orodha mbili za bia nane nane. Mkutano wa tatu Urho alimwambia Wendell, mbele yetu sote, kwamba bia zake zinafaa kupakwa kwenye mkate. Wendell akajibu kwamba za Urho zinafaa kuoshea injini, na pengine karakanani ndiko alikojifunzia kuzinywa. Noreen aliwaambia kwamba vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na kunguru wenyewe wako njiani, wamo ndani ya makopo. Hawakumsikia. Jioni hiyo nilimkuta akiipangusa rafu ambayo alishaipangusa asubuhi, na macho yake yalikuwa mekundu. Nilijifanya natafuta kalamu.

Jumapili iliyofuata, siku yake ya mapumziko, aliwaita wote kumi kwenye ukumbi wa klabu ya kerling, mchezo wa kuteleza mawe juu ya barafu, ambako barafu ya kuchezea ilikuwa imeshayeyushwa kwa ajili ya kiangazi. Kila kambi ilileta bia zake nane. Sharti lake lilikuwa moja: yeye atazimimina jikoni kwenye vikombe vidogo vya karatasi vyenye namba, moja hadi kumi na sita, nao wataonja bila kuona chupa. Namba nane zitakazopata alama nyingi ndizo orodha. Na watasaini kwanza, majina ya bia yatafuata baadaye, ili asipatikane wa kugeuka.

Mimi nilikuwa mbeba sinia. Kwa macho yangu nilimwona Noreen akiandika kwenye karatasi namba ipi ni bia ipi, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa koti lake lililotundikwa nyuma ya mlango. Nataka jambo hilo lieleweke, kwa sababu ndilo linaloninyima usingizi.

Walionja kwa saa mbili nzima, katikati wakila perogi, vile vitumbua vya unga vya kuchemsha vilivyojazwa viazi, alizopika Noreen. Namba saba ilipata alama za juu kutoka kwa watu wote kumi, Wendell na Urho wakiwemo, na kila mmoja akamtazama mwenzake kwa huruma, akiamini kwamba mwenzake ameisifu bia ya adui bila kujua. Wakajumlisha alama, wakapata namba nane, wakasaini. Kisha wakamwambia Noreen asome majina.

Noreen akaifungua pochi yake. Akaenda kutazama kwenye gari. Akainua sufuria ya perogi. Akarudi akisema karatasi haionekani. Koti lilikuwa pale pale nyuma ya mlango, wala hakuligusa. Nilifungua kinywa, akanitazama, nikakifunga.

Wendell, mtu wa sayansi, akasema hakuna tabu, watazame chupa tupu, kwa kuwa kila moja inabaki na tone. Chupa hazikuwepo. Kama mjuavyo, timu ya vijana ya hoki hupita kila Jumapili ya kwanza ya Mei kukusanya chupa tupu za kurudisha dukani kwa pesa, na Noreen, kwa mazoea ya mji huu, alikuwa ameshaziweka nje kwenye gunia kadiri alivyokuwa akimimina. Gari lao lilishapita. Chupa zote kumi na sita zilikuwa zimechanganyika na za mtaa mzima.

Basi ukawa mkanganyiko ambao sijawahi kuuona. Watu watano waliapa kwamba namba saba ni ya watawa, watano wakaapa ni ya Wacheki. Mwanamke mmoja wa kambi ya Urho alihama, akarudi, akahama tena. Noreen aliichukua fomu yenye sahihi kumi kutoka mezani.

"Mmeshasaini," alisema. "Nipeni dakika kumi jikoni, nijaribu kukumbuka."

Alikumbuka kwa dakika sita. Orodha aliyotoka nayo ilikuwa na bia nne za Wendell na nne za Urho. Wote wawili wanajua kuhesabu, na niliwaona wakihesabu, na hakuna aliyepinga. Kupinga kungemaanisha kuomba sahihi upya, na kila mmoja aliogopa kwamba akiuliza sana, hesabu ya kweli itampa mwenzake tano na yeye tatu.

Fomu ilikwenda makao makuu, na tarehe 20 Juni jibu likaja kwamba rafu inabaki. Colin aliisoma barua mara mbili kwa sauti. Siku hiyo Urho alinivuta pembeni, akaniuliza kama nadhani karatasi ilipotea kweli. Nilimwambia sijui, na sikudanganya. Huenda Noreen aliihamisha nilipokuwa ukumbini na sinia. Huenda alisahau kama binadamu yeyote. Nilimuuliza mwenyewe tukiwa stoo, akasema siku ile alikuwa amechanganyikiwa. Alisema hivyo huku akipanga katoni kwa mpangilio wa tarehe bila kuzitazama.

Hiyo ndiyo historia yake kwa ufupi, na sasa niieleze siku ya mwisho. Tulikata keki, Colin akamkabidhi kasia la kuchongwa lenye majina yetu sote, Noreen akatoa hotuba ya sentensi mbili. Kisha akavua aproni, kama nilivyosema, akatoka kwa mlango wa wafanyakazi. Tulidhani ameenda zake. Dakika moja baadaye aliingia kwa mlango wa mbele, amevaa koti lake la kiraia, akachukua kikapu kama mteja, akaja kusimama mbele ya rafu.

Wale kumi walikuwepo wote, ingawa haikuwa Alhamisi. Wakampisha. Alizitazama chupa alizozipanga mwenyewe asubuhi ile, kisha akanigeukia.

"Nishauri, mwanangu," alisema. "Bia gani inamfaa mtu anayekula peke yake?"

Nilifanya kama alivyonifundisha, nikamuuliza atakula nini. Akasema perogi zilizobaki. Mumewe, Walter, alifariki miaka minne iliyopita, na Noreen alichukua siku tano tu za msiba, akarudi kwenye rafu. Sisi tulisifu bidii yake. Nilisimama pale nikiwa nimeshika chupa mbili, moja mkono huu, moja mkono ule, na ndipo nilipoelewa kwamba kwa miaka minne alikuwa akitoka katikati ya makelele yale kila jioni na kwenda kwenye nyumba isiyo na mtu. Kuanzia kesho hata makelele asingekuwa nayo.

Aliyemjibu ni Urho, mtu ambaye sijawahi kumsikia akisema jambo la upole.

"Hiyo haipo, Noreen," alisema. "Hapa haijawahi kuletwa."

Wendell akasema Urho anasema kweli. Nimekaa nao miaka tisa, na sentensi hiyo sikuwahi kuisikia. Kisha Wendell akakitwaa kikapu mkononi mwa Noreen, akakiweka chini, akamuuliza perogi zenyewe zimebaki ngapi. Noreen akasema nyingi. Wote kumi wakachukua chupa, kila mtu na yake, wakapanga foleni kwenye kaunta yangu.

Walitoka naye pamoja. Kupitia kioo niliwaona wamesimama kwenye maegesho, hawajafungua hata gari moja, wakibishana ni bia ipi inayoendana na perogi, na Noreen katikati yao akimsikiliza kila mmoja hadi mwisho.

Noreen, sisi wa Kettle Narrows tunakushukuru kwa kazi yako yote. Afya njema tunakuombea, na miaka mingi, na meza ambayo watu wake hawatakubaliana kamwe.