Shikanga na Miche Aliyoipanda Navalayo

Mchungaji, wazee wa ukoo, akina mama, na nyinyi nyote mliokuja kulia pamoja nasi, mimi ni Osiako, mdogo wake marehemu, familia imenituma nisome haya, na nawaomba mzishike tarehe nitakazotaja.

Kaka yetu Hezron Shikanga alizaliwa hapa Malava tarehe 2 Februari 1948, akasoma shule ya msingi ya hapa kijijini hadi 1966, mwaka wa 1969 akaajiriwa katika kitalu cha miche, akamwoa shemeji Navalayo tarehe 8 Desemba 1973, wakajaliwa watoto wanne.

Tarehe 6 Machi 1995 madaktari walimpata na ugonjwa wa figo. Narudia, 6 Machi 1995.

Hata akiumwa hakutulia, aliandika kila mvua kwenye daftari, akaona kwamba ile ya Machi tuliyoizoea tangu utotoni siku hizi inachelewa hadi Aprili, inanyesha wiki moja na kukatika, na wakati huo wanaume wa kupanda miti wako mbali wakikata miwa, miche inakaukia kitaluni. Ndipo akasema apande yeyote aliye nyumbani udongo ukiwa na maji, hata mwanamke, nasi sote tumelelewa tukiambiwa kwamba mke akipanda mti, mume hufa. Tarehe 18 Aprili 1996 alimpa Navalayo mche wa kwanza mbele ya watu, wakapanda arobaini kando ya mto, na kesho yake mimi niliing'oa yote kwa mikono hii, nikidhani namwokoa kaka. Yeye akaenda kuleta mingine, wakapanda upya.

Alituacha tarehe 12 Agosti 1998. Tangu matanga yaanze nasikia minong'ono nyuma ya hema, eti shemeji amemuua mumewe, na wapo wanaotaka afukuzwe kwenye boma hili tukishamaliza kuzika. Jamani, ugonjwa ulitangulia mti kwa zaidi ya mwaka mzima, hesabuni wenyewe! Nina hasira, na nina aibu kuliko hasira, kwa sababu maneno hayo niliyaanzisha mimi siku ile nilipoing'oa miche.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuchotea maji, wafanyakazi wenzake wa kitalu, na akina mama mliomfuata shemeji mkapanda huku mkichekwa. Shemeji haendi popote, na mvua ikija, hata ikichelewa, mashimo nitamchimbia mimi.

Kaka, pumzika kwa amani, na mkeo tumwache aishi kwa amani.