Sentimita Tatu za Sista Kaluba

Sijawahi kumwambia mtu: daftari la Sista Kaluba lina namba moja ya uongo, na niliitia mimi.

Sista Mumbi Kaluba anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika zahanati ya mtaa wetu hapa Kabwe. Mimi husaidia hapa nikitoka shule. Nimepewa ukurasa huu wa kumuaga kwa kuwa naandika Kibemba na Kiingereza na, kama alivyosema karani wa zahanati, sina maneno mengi.

Alianza na wajawazito. Vumbi la risasi, yale madini yaliyobaki kwenye rundo la mgodi wa zamani, humfikia mtoto angali tumboni kupitia damu ya mama yake, likamdumaza. Kwa hiyo Sista aliwapokonya udongo wa kula waliouficha kwenye vitenge, akisema mtoto hakuomba kuchimba mgodi. Wakishajifungua, aliwafuata majumbani: deki kwa maji, usifagie vumbi, panda nyasi uani, mnawishe mtoto kabla ya nshima, ugali wetu. Waliomkwepa sokoni walimkuta kanisani.

Kila Mei aliwapima watoto urefu kwa ubao wake. Vipimo vya damu vilikuwa vichache, hivyo waliokuwa wafupi kuliko umri wao walitangulia kupimwa damu. Shuleni tuliwaita vibeti wa rundo. Nikiwa na miaka minane, niliogopa jina hilo kuliko sindano. Nikakata kipande cha ndala, nikakificha ndani ya nywele zangu za kusuka. Sentimita tatu. Nikapita.

Mwaka uliofuata nilizimia darasani, na damu yangu ikakutwa na risasi nyingi. Dawa nilikuwa nimezikosa mwaka mzima. Sista alinipima, akafungua daftari, akaona nimeongezeka sentimita moja tu. Akamgeukia mama yangu, akamwita kwa jina la mwanawe.

“Bana Mwenya, ni macho yangu haya yaliyokosea mwaka jana. Nisamehe.”

Nami nikavaa ndala zangu, tukaondoka.

Tangu siku hiyo humpima kila mtoto mara mbili, na huvaa miwani ambayo daktari wa macho alimwambia haihitaji. Wenzake humtania kwamba hata mkate huupima kabla ya kuukata.

Nasikia viatu vyake vya mpira vikija mlangoni. Amefuata ubao wake. Asubuhi nzima, kila aliyepita nimemfunikia ukurasa huu kwa kiganja. Sasa nimekiondoa.

Asante, Sista, kwa watoto wote uliowawahi. Mahindi yako kule Mkushi, unakokwenda kulima, yastawi, na siku zako ziwe njema. Macho yako hayakukosea. Hiyo miwani waweza kuiacha hapa mezani.

Mwenya